"Huku kwetu vimbunga haviji"

Aprili 2021, tukiwa ndani ya Ramadhani, Mamlaka ya Hali ya Hewa ilitangaza kwamba kimbunga Jobo kinaelekea pwani ya Tanzania. Nilikuwa Dar es Salaam. Wavuvi walishavuta ngalawa hadi kwenye mizizi ya minazi, na jirani yangu alipanda juu ya bati akapanga matofali na matairi mawili chakavu ili upepo usilinyanyue. Tulifuturu redio ikiwa imewashwa. Usiku ukapita. Tulichokiona ni upepo wa kawaida na manyunyu, kwa kuwa Jobo kilidhoofika baharini kabla ya kutufikia. Asubuhi jirani akashusha matairi yake, na neno alilolisema nililisikia wiki nzima vijiweni: "Huku kwetu vimbunga haviji."

Miaka mitatu baadaye, Mei 2024, Hidaya kikafika Mafia. Mvua yake ikaikata barabara ya Lindi na Mtwara pale Somanga na kwingineko wilayani Kilwa, mabasi na malori yakakwama kwa siku kadhaa.

Hata hivyo simlaumu jirani, kwa sababu neno lake lina msingi. Kimbunga kinahitaji bahari yenye joto, na kinahitaji pia mzunguko wa dunia uupinde upepo mpaka uanze kujizungusha. Nguvu hiyo ya kuupinda hupungua kadiri unavyoikaribia ikweta. Ndiyo maana vimbunga vingi vya upande wetu wa Bahari ya Hindi huishia Madagaska, Morisi na Msumbiji. Mtu aliyezaliwa Dar es Salaam mwaka 1953 alifikisha miaka 70 bila kushuhudia kimbunga kikitua pwani ya nchi yake. Uzoefu wa miaka 70 si kitu cha kubeza.

Ila angezaliwa Lindi mwaka mmoja kabla, mama yake angekuwa na la kumsimulia, kwa sababu Aprili 1952 mji ule ulipigwa na kimbunga. Na miaka 80 nyuma ya hapo, Aprili 1872, ilikuwa zamu ya Unguja. Merikebu za Sultan Barghash zilizotia nanga bandarini zilivunjika, minazi ikalala, na sehemu kubwa ya mikarafuu ya kisiwa ikang'oka. Karafuu ndiyo iliyokuwa mali ya Unguja, na ilikuwa imelimwa pale kwa miaka kama 60 tu. Kwa hiyo mwenye shamba aliyetaka kujifunza kwa waliomtangulia alikuwa na miaka hiyo 60 ya kujifunzia, nayo haikuwa na jibu la swali lililomjia usiku ule. Pemba, hapo jirani tu, ilisalimika. Mkarafuu mpya huchukua miaka kadhaa kabla ya kuzaa vizuri, bei ikapanda, na wenye mashamba Pemba wakasonga mbele. Mpaka leo karafuu nyingi za Zanzibar zinatoka Pemba.

Sasa wapo watakaosema: kumbe tatizo ni usahaulifu. Tungefundishwa habari za 1872 na 1952 shuleni, tusingeshangaa 2024. Hoja hii ina nguvu, na mfano wake bora hautoki kwetu. Kisiwa cha Simeulue, Indonesia, kilipigwa na tsunami mwaka 1907. Wazee wakaitungia hadithi na nyimbo za kuwaimbia wajukuu: ardhi ikitikisika sana, kisha bahari ikakauka, kimbilia mlimani. Desemba 2004 kisiwa kilikuwa na watu zaidi ya 70,000, kikiwa karibu sana na kitovu cha tetemeko lililozaa tsunami nyingine, na waliokufa walikuwa saba. Ng'ambo yake, pwani ya Aceh kwenye kisiwa kikubwa cha Sumatra, walikufa zaidi ya 100,000.

Nikiifikiria habari ya Simeulue naona kitu ambacho wengi hukiruka. Nyimbo zile hazikusema tsunami itarudi lini, wala kwamba itarudi. Zilitaja dalili, na la kufanya ukiiona. Sisi tukipewa historia tunakimbilia kuhesabu. Kutoka 1872 hadi 1952 ni miaka 80, kutoka 1952 hadi 2024 ni 72, basi tutulie mpaka mwisho wa karne. Nafasi mbili hazitoshi kuwa kanuni. Lakini miezi ni habari nyingine: Aprili, Aprili, Aprili ya Jobo, Mei. Hiyo ni miezi ya masika, bahari ikiwa bado na joto na ukanda wa mvua ukipita juu yetu. Hapo pana sababu tunayoweza kuieleza.

El Niño, yaani ule msimu ambao maji ya Bahari ya Pasifiki hupata joto kupita kawaida, ilitufunza jambo hilohilo. Baada ya mafuriko ya 1997 na 1998, jina lile likawa sawa na mafuriko. Mwaka 2015 ikaja El Niño nyingine kubwa, watu wakajiandaa, na mafuriko ya kiwango kile hayakutokea kwetu. Mwaka 2019 El Niño ya maana haikuwepo, lakini maji ya upande wetu wa Bahari ya Hindi yalipata joto kupita kawaida, na vuli ikatuzamisha.

Upande wa pili wa mjadala nao usikilizwe. Mhandisi anayejenga daraja hana pa kushika isipokuwa kumbukumbu za mvua na mito zilizopo. Akijenga kwa ajili ya kila linalowezekana, fedha za zahanati na visima zitaishia kwenye zege. Nakubali. Ila kumwambia mvuvi asitoke leo ni gharama ndogo sana ukilinganisha na daraja, na hilo halihitaji historia ndefu. Tsunami ya 2004 ilichukua saa kadhaa kuvuka bahari mpaka kwetu. Mombasa watu waliondolewa ufukweni kwa sababu ya habari zilizokuwa zinatoka Asia siku ileile, na Kenya nzima ikapoteza mtu mmoja. Dar es Salaam baadhi ya waliokuwa wakiogelea hawakurudi.

Ndiyo maana Jobo kinaniuma kuliko Hidaya. Wahenga walisema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Sisi tulishtuliwa na ung'ongo, tukajifunza kwamba nyoka hayupo. Utabiri ulitaja hatari, hatari ikafifia njiani, tukahesabu kuwa tumedanganywa, na somo hilo tukalibeba miaka mitatu.

Hidaya kilipokwisha, nilianza kusikia hesabu mpya: kimoja kila miaka 70, kwa hiyo chetu kimeshapita. Mwezi huohuo wa Mei haujaisha, kimbunga kingine, Ialy, kikapanda kaskazini zaidi ya Hidaya, hadi karibu na ikweta, na pwani ya Kenya ikapata upepo na mawimbi yake.