Mikono yetu inaumwa, na tunaisingizia baridi

Upepo wa Juni na Julai ukianza kuvuma hapa Dodoma, kila mwenye mkono unaouma ana maelezo yale yale: baridi. Anachua dawa, anavaa sweta, anangoja Septemba. Mimi siafiki. Baridi inaweza kukaza viungo na kuyazidisha maumivu, ndiyo, lakini mikono mingi ninayoiona ikilalamika iliumizwa kwanza kwenye beseni la nguo, kwenye mkasi wa zabibu na kwenye simu.

Beseni nalitaja mwanzo kwa makusudi. Maji yetu ni ya mgawo, kwa hiyo nguo zinalundikana mpaka siku yanapotoka, kisha zinafuliwa zote kwa mkupuo. Mtazame mama anayekamua blanketi: mkono mmoja unasokota huku, wa pili kule, vifundo vya mikono vimekunjwa, vidole vimebana kwa nguvu zote. Blanketi moja halina neno. Shida ni lundo la wiki nzima asubuhi moja, halafu bila kupumua anaanza kujaza ndoo. Ndoo ya lita 20 ina kilo 20 za maji, na uzito wote unaning'inia kwenye kiwaya chembamba kinachokata vidole. Jioni mkono huo huo unashika mwiko kusonga ugali wa mtama, na mtama ukikaza unajua kupigana.

Kama ana mtoto mchanga, mzigo unaongezeka. Wengi tunamnyanyua mtoto kwa kumshika makwapani, vidole gumba vikiwa vimetanuliwa. Mara kumi, mara ishirini kwa siku. Kano za kidole gumba zinapita kwenye njia nyembamba upande wa kifundo. Zikisuguliwa sana njia inavimba, na hata kufungua mfuniko wa chupa kunakuwa adhabu. Daktari wa Uswisi, Fritz de Quervain, aliueleza ugonjwa huu mwaka 1895, na hadi leo unaitwa kwa jina lake. Mama, pitisha kiganja chini ya makalio ya mtoto na kingine mgongoni, umwinue kwa mikono yote. Na nguo nzito mkamue wawili, au zitundikwe zichuruzike zenyewe. Jua la Dodoma halijawahi kushindwa kukausha blanketi.

Kuna na ganzi ya usiku. Mtu anaamka saa nane, vidole vinawaka moto, anakung'uta mkono mpaka utulie. Majirani wanamwambia ni dalili ya kupooza. Mara nyingi ni mshipa wa fahamu unaobanwa pale kwenye kifundo, kwenye njia moja nyembamba unamopita pamoja na kano tisa. Angalia ni vidole vipi: gumba, cha shahada, cha kati na nusu ya cha pete ndivyo vinavyokufa ganzi, kidole cha mwisho kinabaki salama, kwa kuwa kina mshipa wake mwingine. Wajawazito na wenye kisukari hupatwa zaidi. Kulala na kifundo kimenyooka, kwa kifaa maalumu cha kukishikilia, huwasaidia wengi. Ila ganzi ikija ghafla pamoja na mdomo kwenda upande au maneno kukwama, hicho ni kiharusi. Usichue chochote, kimbia hospitali.

Simu nitaisema kwa kifupi: ishike kwa mkono mmoja, andika kwa mwingine. Bodaboda naye anayeshinda amekunja kifundo kwenye mafuta, ashuke na kunyoosha viganja kila anaposubiri abiria.

Linaloniuma zaidi ni mashamba ya zabibu. Zabibu zetu huvunwa mara mbili kwa mwaka, na kabla ya kila mavuno kuna kupogolea. Kibarua anashika mkasi kuanzia alfajiri, analipwa kwa kazi aliyomaliza, kwa hiyo hapumziki. Mkasi ukiwa butu, kila tawi linadai abane kwa nguvu zaidi, na nguvu hizo zinatoka kwenye kifundo na vidole vile vile. Springi ikiwa imekufa, inabidi aufungue kwa vidole kila anapokata. Mkono ukivimba anaambiwa amezoea uvivu, kesho yake anachukuliwa mwingine.

Hapo siwezi kumwambia kibarua abadili mazoea, kwa sababu mazoea si yake. Ni ya mwenye shamba. Sheria ya Afya na Usalama Mahali pa Kazi tunayo tangu mwaka 2003, na mkono wa mtu ni sehemu ya afya yake. Mwenye shamba anunue jiwe la kunolea, abadilishe springi zilizochoka, awape watu dakika kumi kivulini kila baada ya mistari kadhaa, na dakika hizo azilipe.