Chora Kila Siku, na Usimwonyeshe Mtu

Ukiyafungua madaftari yangu ya mikutano, utakuta pambizo zimejaa kabla ya kurasa zenyewe. Kuna visanduku vilivyopandana kama ngazi, macho yasiyo na uso, mizizi inayoteremka hadi chini ya ukurasa, na duara lililozungushwa mara nyingi mpaka karatasi imetoboka. Nilipokuwa mwanafunzi, mwalimu mmoja aliukata ukurasa wangu wa namna hiyo kwa mstari mwekundu kutoka kona hadi kona, akaandika chini yake: "Huyu hasikilizi." Nilikuwa nasikiliza. Somo la siku ile nalikumbuka mpaka leo, ilhali masomo mengi niliyoyafuata huku nimekunja mikono yamenitoka kabisa.

Kwa miaka mingi baada ya hapo nilifunika ukurasa kwa kiganja kila mtu aliponisogelea. Siku hizi sioni haya tena. Kazi yangu ni ya maneno, si ya picha, na sina nia ya kuwa msanii. Lakini naamini kwa dhati kwamba yeyote ambaye kazi yake inadai fikra mpya, awe mhasibu, fundi, mwalimu au mtunzi, angefaidika akitenga robo saa kila siku ya kuchora. Nina masharti yangu mawili, na nitayafikia.

Kwanza huku kuchorachora kwenyewe, kwa sababu bado kuna wanaokuona ni uvivu. Mwaka 2009 mwanasaikolojia Jackie Andrade wa Chuo Kikuu cha Plymouth, Uingereza, alichapisha jaribio dogo lililotungwa makusudi liwachoshe washiriki. Watu 40 walisikilizishwa ujumbe wa simu wa dakika mbili na nusu, mtu akiongea kwa sauti isiyopanda wala kushuka kuhusu sherehe anayoiandaa. Wote walitakiwa kuandika majina ya watakaohudhuria. Nusu yao, pamoja na kazi hiyo, walipewa maumbo ya kutia kivuli kwa penseli. Baadaye wakaulizwa ghafla wanakumbuka nini, na wale waliotia kivuli wakakumbuka mambo zaidi kwa asilimia 29. Huenda sababu ni kwamba akili iliyochoshwa hukimbilia ndoto za mchana, na ndoto za mchana humeza mtu mzima; kazi ndogo ya mkono humshikilia asiende mbali.

Ila hilo ni jaribio la kumbukumbu na usikivu. Huniudhi linapotajwa kana kwamba limethibitisha kuwa kuchorachora humfanya mtu awe mbunifu. Halikupima jambo hilo, na waliochora hawakubuni chochote; walijaza maumbo waliyopewa.

Mfano wa ubunifu ninaoupenda ni wa mwanahisabati Stanisław Ulam. Mwaka 1963 aliketi kwenye mkutano wa kisayansi akisikiliza mada ndefu iliyomchosha. Akachora miraba midogo, akaandika 1 katikati, kisha 2, 3, 4 na kuendelea, akizunguka kuelekea nje kama mkunjo wa gamba la konokono. Halafu akaanza kuzitia alama namba tasa, zile zisizogawanyika ila kwa moja na kwa zenyewe. Namba ambazo mtu angetarajia zitawanyike ovyo zikaonekana kujikusanya kwenye mistari ya mshazari. Mchoro ule wa kupitisha muda leo una jina lake na umeingia katika vitabu vya hisabati. Hakuwa anatafuta kitu. Mkono ulitangulia, jicho likakuta jambo, na akili ikaja nyuma yao.

Sasa hapa ndipo ninapoachana na wanaosifu kuchorachora peke yake. Ulam alikuwa amejaa namba kichwani; mkono wake ulipotembea ulikuwa na pa kwenda. Mimi nimelinganisha daftari langu la zamani na jingine la miaka kumi baadaye, na jicho ni lilelile, na visanduku ni vilevile, hata upande wa kivuli haukubadilika. Mkono ukiachwa hivihivi hurudia unachokijua. Unatuliza, ndiyo, na utulivu una thamani yake, lakini kisima kinachotekwa tu bila kuingiza maji hakina muda mrefu.

Kwa hiyo sharti langu la kwanza: pamoja na kuchora kunakotoka ndani, chora pia kitu kilichopo mbele yako. Kimoja kila siku, kidogo, cha kawaida.

Mimi nilianza na bomba la maji. Nililifungua na kulifunga maelfu ya mara, nikajiona nalijua. Nilipoketi mbele yake na kalamu, nikagundua kwamba nilichokuwa nacho kichwani kilikuwa alama tu ya bomba, kama ile ya kwenye kitabu cha watoto. Shingo ya bomba halisi ilijikunja mara mbili. Kishikio hakikuwa katikati. Tone lililoning'inia mdomoni halikuwa na umbo lile la machozi ambalo sote tumezoea kulichora. Lilikuwa nene, kama lililosita. Mchoro wangu ulitoka vibaya, lakini kesho yake niliona mabomba kila nilipopita, na kila moja lilikuwa tofauti na jenzake. Dakika kumi na tano zilikuwa zimenirudishia kitu ambacho mazoea yalikwisha kunipokonya.

Mhispania Santiago Ramón y Cajal alitaka kuwa msanii akiwa kijana, lakini baba yake, tabibu, akamwelekeza kwenye udaktari. Akabaki na kalamu hukohuko: kwa miongo kadhaa alichora kwa mkono seli za neva alizoziona kwenye hadubini. Mwitalia Camillo Golgi ndiye aliyevumbua njia ya kuzitia rangi seli hizo zionekane, naye aliamini kwamba neva zote zimeungana kuwa wavu mmoja. Cajal akatumia njia ileile ya Golgi, akaona seli zilizo mbalimbali, kila moja na mwisho wake. Mwaka 1906 wote wawili waligawana Tuzo ya Nobel, na ni Cajal aliyekuwa karibu zaidi na ukweli. Sisemi kwamba kalamu ndiyo iliyoamua. Lakini anayechora mstari hulazimika kuamua unaishia wapi, na anayetazama tu anaweza kuliacha swali hilo likapita.

Namna ya kufanya ni rahisi na sitaieleza sana. Tumia kalamu ya wino, si penseli, ili raba isikuite. Andika tarehe juu ya kila mchoro. Usichane ukurasa hata mmoja, hasa ule unaouchukia. Siku ambayo mkono ni mzito, chora kitu bila kuitazama karatasi kabisa: macho yafuate ukingo wa kitu polepole, na kalamu ifuate macho. Matokeo huwa kiumbe cha ajabu, na mara nyingi kuna sehemu ndogo, labda kona ya sikio au ukingo wa kikombe, iliyo na uhai kuliko chochote ulichochora kwa uangalifu. Leonardo da Vinci naye aliwashauri wachoraji wazitazame kuta zenye madoa, kwa kuwa humo wangeweza kuona milima, mito, vita na nyuso. Nami hudondosha tone la wino na kusubiri linikumbushe kitu. Zoezi hili nalipenda kuliko yote, kwa sababu linaunganisha pande mbili: unatazama na unabuni kwa wakati mmoja.

Sharti la pili ndilo wengi hulikataa. Usiwaonyeshe watu.

Sisemi kamwe. Nasema mwaka wa kwanza, angalau. Najua kuna shindano la wino la kila Oktoba, aliloanzisha mchoraji Jake Parker mwaka 2009, na kwamba limewafanya maelfu ya watu wachore siku 31 mfululizo. Ni jambo jema kwa anayehitaji msukumo. Lakini nimejaribu kuchora huku nikijua kwamba picha itapigwa na kuwekwa mtandaoni, na nimejiona nikibadilika. Nilianza kuchagua vitu vinavyochoreka vizuri. Niliacha kuchora mikono, kwa sababu mikono hunishinda, na hatimaye nikawa narudia mchoro uliopendwa wiki iliyopita. Daftari lilikuwa limegeuka dirisha la duka. Ubunifu unahitaji mahali ambapo kukosea hakuna shahidi, na sote tumebaki na mahali pachache sana pa namna hiyo.

Utaniambia huna kipaji. Ungekuwa unatafuta kazi ya kuchora, tungelizungumza hilo. Kwa hili tunaloliongelea, kipaji hakina nafasi. Mwaka 2016 Girija Kaimal na wenzake wa Chuo Kikuu cha Drexel, Marekani, waliwaketisha watu wazima 39 kwa dakika 45 za sanaa ya kujiamulia, kisha wakapima kotisoli, homoni inayohusiana na msongo, kabla na baada. Kwa karibu robo tatu yao ilishuka, na kuwa na uzoefu wa sanaa au kutokuwa nao hakukuleta tofauti kubwa. Kila mtoto huchora kabla ya kuandika, na hakuna anayemuuliza kama ana kipaji. Swali hilo tunaanza kuulizana tukishajifunza kuaibika.

Kuhusu kila siku: ndiyo, kila siku, lakini usijiadhibu. Utafiti wa Phillippa Lally wa chuo kikuu cha UCL, London, ulionyesha kwamba tabia mpya huchukua wastani wa siku 66 kuzoeleka, wengine siku 18 na wengine wakikadiriwa kufika 254, na kwamba kukosa siku moja hakuiharibu safari. Mjapani Katsushika Hokusai, alipokwisha kuvuka miaka 80, alijiwekea desturi ya kuchora simba wa kimasimulizi kila asubuhi ili kuepusha mabaya. Nyingi ya karatasi hizo zina tarehe. Mtu aliyekwisha kuchora maelfu ya picha bado aliamka na kuanza na simba mmoja. Bandu bandu huisha gogo.

Mwaka jana nilikwama kwenye ripoti ndefu. Kila sura ilikuwa sahihi, na yote kwa pamoja hayakusimama. Jioni hiyo zamu ilikuwa ya kiti, na kiti ni kigumu kwa sababu miguu haikubali kukaa mahali pake. Wanaojua kuchora wana mbinu: usichore miguu, chora nafasi zilizo kati ya miguu. Pembetatu hii hapa, pembenne ile kule. Ukizipata nafasi, miguu hujitokeza yenyewe. Nilikuwa kwenye nafasi ya tatu niliposimamisha kalamu. Niliifungua ripoti upya, na safari hii sikusoma nilichoandika. Nilisoma palipokuwa wazi kati ya sura moja na nyingine, mambo ambayo kila sura ilidhani jirani yake imeyasema. Yalikuwa manne. Niliyaandika pambizoni, kando ya kiti chenye miguu mitatu, nikaanza na la kwanza.