Treni Haiwahi kwa Tabia za Watu

Kuna kauli inayonikera kila inaporudiwa kwenye magrupu ya Waswahili wa Ulaya: kwamba treni za wenzetu zinawahi kwa sababu wazungu wana nidhamu ya muda, na sisi tumeumbwa na saa za Kiafrika. Na mfano unaotolewa karibu kila mara ni Ujerumani.

Ujerumani ipi? Mwaka 2024, treni za masafa marefu za Deutsche Bahn, shirika la reli la Ujerumani, zilizohesabiwa kuwa zimewahi zilikuwa asilimia 62.5. Kwao, treni iliyochelewa kwa chini ya dakika 6 imewahi. Iliyofutwa kabisa haimo kwenye hesabu, kwa hiyo aliyeachwa Köln usiku baada ya treni yake kufutwa hajaharibu takwimu ya mtu yeyote.

Sasa vuka mpaka. Mwaka huohuo, reli ya Uswisi, SBB, ilifikisha asilimia 93.2, tena kwa kipimo kikali zaidi cha dakika 3. Kutoka Freiburg ya Ujerumani hadi Basel ya Uswisi ni mwendo wa chini ya saa moja. Pande zote mbili wanazungumza Kijerumani na wamelelewa kwa maadili yanayofanana. Kama ni tabia ya watu, tabia gani hiyo inayobadilika ghafla ukifika Basel?

Kilichobadilika ni ratiba na jinsi ilivyotungwa. Waswisi waliupitisha mradi wa kuboresha reli zao, Bahn 2000, kwa kura mwaka 1987, na ratiba yake mpya ikaanza rasmi tarehe 12 Desemba 2004. Msingi wake ni huu: unachagua stesheni kuu, mathalani Zürich, Bern na Basel, kisha unapanga treni za pande zote ziingie dakika chache kabla ya saa kamili au nusu saa, zikutane hapo, abiria wabadilishe, halafu zote ziondoke dakika chache baadaye. Ili mpango huo usimame, safari kati ya stesheni mbili hizo lazima iwe pungufu kidogo ya saa moja. Zürich hadi Bern ilikuwa inazidi saa. Ndipo wakajenga njia mpya ya kilomita 45 kati ya Mattstetten na Rothrist, treni ikapita kwa kilomita 200 kwa saa, na safari ikashuka hadi dakika 56. Hawakuhangaika kuishusha hadi 45, maana treni ingewahi kufika kisha isimame bure kungoja wenzake. Ratiba iliandikwa kwanza, reli zikajengwa kuifuata. Nchi nyingi hufanya kinyume: hujenga njia ya kasi ya kupigia picha, kisha hutafuta jinsi ya kuipenyeza kwenye ratiba iliyokwisha kujaa.

Na ndani ya kila safari kuna muda wa akiba. Treni inayoweza kukimbia umbali fulani kwa dakika 50 haipangiwi dakika 50. Inaongezewa dakika chache, ili mlango uliokwama au kiti cha magurudumu kinachopakiwa taratibu kisiharibu safari za mkoa mzima.

Tazama sasa kinachotokea pale akiba ikiisha. Treni ya kasi ya ICE inachelewa dakika 6 Hamburg. Nafasi yake ya kuingia Hannover inapita, na mbele yake inaingizwa treni ya mkoa inayosimama kila kituo. ICE haiwezi kuipita mpaka ipatikane njia ya pembeni, na njia hiyo iling'olewa zamani kupunguza gharama. Dakika 6 zinakuwa 18. Ikifika Frankfurt, jukwaa lake lina treni nyingine, inangojeshwa nje ya stesheni. Dereva na kondakta waliopangiwa kuendelea na treni nyingine nao wamechelewa, kwa hiyo treni ya pili, ambayo haikuwa na hitilafu yoyote, inachelewa pia. Hakuna mvivu hata mmoja katika mlolongo huo.

Njia hizo za pembeni ndizo kiini cha yote. Tangu mageuzi ya 1994, reli ya Ujerumani ilitakiwa ijiendeshe kibiashara, na kila swichi ya njia, yaani mtambo wa kuihamisha treni kutoka reli moja hadi nyingine, ikaonekana kuwa gharama ya matengenezo. Zikang'olewa moja baada ya nyingine. Bandu bandu huisha gogo. Wakati huohuo treni ziliongezeka, na hadi leo baadhi ya vituo vya kuongozea ishara vinatumia mitambo iliyojengwa kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia.

Bili ndiyo inalipwa sasa. Njia ya Riedbahn kati ya Frankfurt na Mannheim, kama kilomita 70 tu, ilifungwa kabisa kuanzia Julai 15 hadi Desemba 14, 2024. Swichi 152 zilibadilishwa, na reli za kilomita 117, kwa gharama ya euro bilioni 1.3. Miezi mitano bila treni kwenye njia iliyokuwa ikipitisha zaidi ya treni 300 kwa siku! Ufa usipozibwa, ukuta hujengwa, na abiria ndiye anayepanda basi wakati ukuta unajengwa.

Waswisi walichagua kuziba ufa. Mwaka 2014 walipiga kura kuweka kwenye Katiba yao mfuko wa kudumu wa miundombinu ya reli. Waziri wa fedha akibadilika, mfuko unabaki.

Nakubali Uswisi ni nchi ndogo, na treni zake nyingi haziendi kasi. Nakubali pia kwamba wana ukali: treni ya Ujerumani ikifika Basel imechelewa sana, safari yake inaishia hapo na abiria wanahamishiwa treni ya Uswisi iliyowekwa akiba, ili ugonjwa usiingie ndani. Lakini hata ukali huo unahitaji treni ya akiba iliyonunuliwa na dereva anayelipwa kuisubiri.

Kwa wanaosafiri Ujerumani mwaka huu: ukitafuta safari kwenye programu ya simu, ongeza muda wa kubadilisha treni uwe angalau nusu saa, maana dakika 7 inazokupa zinatosha kwenye karatasi tu. Tiketi ya bei nafuu inayokufunga kwenye treni moja inafunguka ikitarajiwa utafika umechelewa dakika 20 au zaidi. Panda treni nyingine. Ukifika umechelewa dakika 60, unadai asilimia 25 ya nauli, na dakika 120 ni asilimia 50. Una miezi mitatu ya kudai, na kiasi kisichofika euro 4 hakilipwi. Muhimu kuliko yote, nunua safari nzima kwa tiketi moja. Ukinunua mbili tofauti na ya kwanza ikachelewa, ile ya pili uliyoikosa ni hasara yako.