Si kweli kwamba Wasukuma walijenga ovyo
Kuna makala niliyosoma: mwandishi wake anaposema mpangilio wa makazi Usukumani uliletwa na wakoloni, na kwamba kabla yao kila mtu alijenga anavyojisikia, napinga. Mji wa Msukuma, yaani boma la familia moja, ulikuwa na ramani yake, ila haikuchorwa kwenye karatasi. Kwa babu yangu upande wa Magu, uzio wa minyaa ulizunguka mji wote (utomvu wake ukikuingia jichoni utajuta), zizi la ng'ombe ndani, nyumba za msonge pembeni, na uani palikuwa na vibanda vidogo vya masamva, mizimu ya ukoo, ambavyo sisi watoto tulikatazwa hata kuviegemea. Mwenye mji akifariki, anazikwa zizini. Kwa hiyo Operesheni Vijiji ya 1974, ile ya serikali kuwahamishia watu kwenye vijiji vya pamoja, ilipowapanga watu kwa mistari kandokando ya barabara, wazee wetu hawakunung'unikia umbali wa mashamba tu. Walikuwa wanaacha makaburi na masamva nyuma. Padri David Clement, mmisionari kutoka Kanada, alilielewa hili kuliko maofisa wengi wa ardhi, ndiyo maana kanisa la Bujora pale Kisesa, karibu na Mwanza, ni la duara, kwa sura ya nyumba ya mtemi (chifu wa Kisukuma), na waumini wanasali humo bila shida. Siku hizi kiwanja cha mjini hata pa kufunga mbuzi hapana. Wenzangu wa Kwimba na Misungwi, huko kwenu vibanda vya masamva bado vipo, au bati na tofali vimefagia vyote?