Pesa za Wikipedia zimfikie kwanza anayehariri kwa simu

Kila bango la kuomba michango linapojitokeza juu ya kurasa za Wikipedia, watu huuliza swali lilelile: pesa hizo ni za nini, ilhali makala huandikwa bure? Wengi hujibu kwamba ni za seva. Seva ni lazima, sibishi. Lakini kama ningeulizwa mimi, ningesema fungu nono liende kwenye urahisi wa kutumia: vitufe, maelekezo, na namna mgeni anavyopokelewa siku ya kwanza anapobonyeza "Hariri".

Kampuni yenye mfumo mgumu humlipa mfanyakazi auvumilie. Anayejitolea halipwi kitu. Amekaa jioni baada ya kazi, bando ni lake, na kuna jambo analijua kuhusu wilaya yao ambalo halijaandikwa popote. Ukimchosha dakika za mwanzo hatakuandikia barua ya malalamiko. Atafunga ukurasa aende zake, na alichokuwa anakijua ataondoka nacho.

Chukua kitu kidogo kama kiungo. Ukiingia kwenye "Hariri chanzo", panapohaririwa maandishi pamoja na alama zake, na kutaka neno Tabora liwe kiungo cha kumpeleka msomaji kwenye makala nyingine, unalizungushia mabano mraba, mawili huku na mawili huku. Kwenye kompyuta ni kufumba na kufumbua. Kwenye simu nyingi mabano hayo yako ukurasa wa tatu wa kibodi. Unagusa kitufe cha namba, unagusa cha alama, unafungua mabano, unarudi kwenye herufi, unaandika Tabora, kisha safari inaanza upya ili uyafunge. Na hicho ni kiungo tu. Tanbihi ina alama nyingi zaidi, na ukisahau moja, ukurasa unakujibu kwa maandishi mekundu. Kama kigezo chenyewe, yaani kiolezo cha kujazia tanbihi hiyo, kilinakiliwa kutoka Wikipedia ya Kiingereza bila kutafsiriwa, hata hilo kosa lako unaelezwa kwa Kiingereza.

Wapo wanaoutetea ugumu huu kwamba unawachuja wasio makini. Siafikiani nao hata kidogo. Anayetaka kuharibu hahitaji mabano: kufuta aya au kubandika tusi hakuna alama yoyote ya kujifunza. Anayekwama ni yule mwenye kitabu mkononi, anayetaka kuonyesha amelitoa wapi alilosema.

Kwamba pesa husaidia, tumeona. Mwishoni mwa 2008 Wikimedia Foundation, shirika linaloendesha Wikipedia, ilipata dola 890,000 kutoka Stanton Foundation kwa kazi hii hii. Watu wasiowahi kuhariri wakaketishwa mbele ya kompyuta, wakatazamwa wanakwama wapi, na mwaka 2010 Wikipedia ikapata sura mpya. Baadaye kikaja kihariri kinachokuonyesha ukurasa kama atakavyouona msomaji, bila alama zile. Hapo ndipo palipotokea kasheshe. Julai 2013 kiliwashwa kwenye Wikipedia ya Kiingereza kabla hakijaiva. Kilikuwa kizito na kiliharibu baadhi ya kurasa. Wahariri wakongwe wakaja juu, na Septemba mwaka huohuo kikaacha kuwa chaguo la moja kwa moja. Kuna waliowaita wakongwe hao wagumu wa mabadiliko. Mimi nasimama nao, kwa sababu wao ndio walioachiwa kufagia. Kumrahisishia mgeni huku unamtwisha mwenyeji mzigo si uwekezaji.

Waliofuata walikwenda taratibu zaidi. Kuanzia 2018 vilijaribiwa vifaa vya kuwalea wapya kwenye Wikipedia ya Kicheki na ya Kikorea: ukurasa wa kwanza wenye kazi ndogondogo za kuanzia, na mhariri mzoefu wa kumuuliza. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Ila mwenyeji naye awepo. Wikipedia ya Kiswahili ilianza 2003, na mpaka leo wakabidhi, yaani wasimamizi wake, na wahariri wa kudumu ni wachache mno kuweza kumshika mkono kila anayebisha hodi. Kwa hiyo kwetu, kazi ambayo kwingine inafanywa na mlezi, inabidi ifanywe na ukurasa wenyewe: ujumbe wa kosa ulioandikwa kwa Kiswahili kinachoeleweka, na kitufe cha tanbihi kinachofikika kwa dole gumba.

Ninachotaka kwenye bajeti si kikubwa. Kabla kifaa kipya hakijawashwa, kijaribiwe na watu wa Dodoma, Mombasa na Bukavu, kwa simu zao wenyewe, kwa mtandao wao wa kila siku, na walipwe bando na muda wao. Aliyekitengeneza akae pembeni atazame, asimsaidie mtu. Wanaotafsiri maandishi ya vitufe nao waingizwe kwenye hesabu, kwani hivi sasa wengi wao hufanya kazi hiyo usiku, kwa mapenzi tu, na neno moja walilolikosea humkwamisha kila anayekuja baada yao.