Pini za dhahabu na chumvi ya Mikindani

Mjomba alipolipwa hela za korosho msimu uliopita alinunua bati, madaftari ya watoto na waya wa redio wenye pini za rangi ya dhahabu. Bati na madaftari sikuyasemea neno. Ule waya ndio uliotugombanisha, maana bei yake ingetosha kununua nyaya nane za kawaida.

"Mziki sasa unapumua, mjomba," aliniambia. Na mimi kazi yangu ni kukodisha mziki kwenye harusi na ngoma za unyago, kwa hiyo sikuweza kunyamaza. Nikamkalisha barazani, nikaingia ndani na nyaya mbili, wake na wangu wa bei chee. Sauti ile ile, wimbo ule ule. Kila nikibadilisha, au nikijifanya nabadilisha, namuuliza: upi huo? Mara kumi. Akapatia tano. Ningekuwa narusha shilingi juu ningepata hivyo hivyo. Akasema redio ndiyo mbovu.

Dhahabu si bingwa wa kupitisha umeme. Fedha ndiyo ya kwanza, shaba inafuata, dhahabu ya tatu. Na kwenye pini imepakwa utando mwembamba tu, ndani ni metali nyingine kabisa. Sifa yake ni kwamba haishiki kutu. Basi.

Ila kwa sisi wa pwani ya Mtwara, tunaoishi Mikindani na Shangani, hiyo "basi" si ndogo. Upepo wa bahari hapa unakula misumari, unakula vitasa, utaziacha pini? Pini za bei chee nikiziacha stoo zinafubaa na kuota ukungu wa kijani, ukizichomeka spika inakwaruza, ukizigusa, sauti ya upande mmoja inakatika. Hapo ya dhahabu inanishinda hoja. Haiongezi utamu, inachelewesha uharibifu. Lakini tundu la amplifaya nalo liwe safi, maana pini ya dhahabu kwenye tundu lenye kutu ni kuvaa viatu vipya kwenye tope. Spiriti kidogo na kitambaa, mara moja kwa mwezi, vinanitosha. Zima umeme kwanza.

Kinachoniuma ni kuona mtu kanunua pini za kifahari, halafu waya wa kwenda kwenye spika ni uzi. Hesabu yake si ngumu. Spika zikiwa mita 30 kutoka kwenye amplifaya, umeme unasafiri mita 60, kwenda na kurudi. Waya wa shaba wa milimita 1.5 za mraba, kwa urefu huo, una ukinzani, yaani ugumu wa kupitisha umeme, wa karibu omu 0.7. Ukifunga sambamba spika mbili za omu 8, zinahesabika omu 4, kwa hiyo karibu sehemu moja ya saba ya nguvu inaishia njiani. Kwa ule mwembamba wa milimita 0.5 inapotea theluthi! Unalipia mafuta ya jenereta ili kupasha waya moto. Hakuna pini itakayokurudishia hiyo.

Kingine ni lehemu. Nimefungua pini nyingi zilizong'aa nje, ndani nyuzi tatu zimeshikiliwa na tone la risasi lisiloshika. Fungua kabla hujalipa; muuzaji akikataa, umeshajibiwa.

Na maiki ya mbali ipe waya wa pini tatu. Ule unabeba sauti kwa njia mbili, moja imegeuzwa kinyume cha nyingine, na mvumo unaoingia njiani unafutika mwishoni. Huo ni uhandisi, si rangi.

Mjomba hajakubali hata moja. Juzi nilikuwa na shughuli Naliendele, waya wangu ukafa mchana kweupe, nikampigia simu kuomba wake. Alinichekea kwanza, kisha akaniletea mwenyewe kwa bodaboda, akasimama nyuma ya miksa mpaka saa nne usiku akiwaonyesha watu pini zake.