Unga wa ata katika mikate yetu ya nyumbani

Katika nyumba nyingi za Unguja na Pemba, mzee akishaambiwa hospitali kwamba ana sukari, unga mweupe huondolewa jikoni na wa ata, yaani wa ngano isiyokobolewa, ukaingizwa, kana kwamba mabadiliko hayo pekee yanatosha. Wanaoutetea unga huu wana hoja nzito, kwa kuwa gramu 100 za ngano isiyokobolewa hubeba takriban gramu 10 za nyuzinyuzi, ilhali unga mweupe hubeba kama 3 tu; pumba na kiini, vinavyotupwa kinuni, ndivyo vyenye sehemu kubwa ya madini na vitamini za punje. Wanaodai kwamba mkate wa rangi ya udongo si chakula chetu wamesahau mkate wa mofa, unaookwa kwa mtama.

Hata hivyo, ata iliyosagwa laini hupandisha sukari ya damu karibu sawa na unga mweupe, kwa sababu wanga wake umekwisha kuvunjwavunjwa na tumbo haliuchelewi. Jambo hili linanitia wasiwasi kuliko yote: mgonjwa aliyezoea vipande viwili hula vinne kwa kuwa "ni wa ata", na tui na sukari vimo vilevile.

Kwa upande wa upishi, pumba hunyonya maji mengi na ncha zake hukata nyuzi za gluteni, ile protini ya ngano inayonasa hewa ndani ya donge, ndiyo maana boflo la ata tupu huumuka kwa shida na kuwa zito. Mkate wa ufuta unavumilia zaidi, kwani unga wake ni wa majimaji tangu mwanzo. Unga wa nusu ata na nusu mweupe, ukiongezwa tui kidogo na kuachwa kama nusu saa unywe kabla ya kutiwa hamira, unafaa sana, na ladha ya ata inakubaliana na ya ufuta. Chapati zinaweza kuwa za ata tupu, mradi donge liwe laini kuliko kawaida na lipumzishwe. Keki ya sifongo ningeiacha na unga wake mweupe.

Limebaki suala la kuhifadhi. Kiini cha ngano kina mafuta, na katika joto la kaskazi unga wa ata hunuka na kuwa mchungu mapema. Kwa hiyo ni afadhali kununua kilo moja moja kuliko kuweka mfuko mzima stoo.